Barbie hamharibu mtoto peke yake

Dada, umeuliza kama Barbie uliyemnunulia binti yako katika soko la Owino, Kampala, atamfanya auchukie mwili wake. Mdoli peke yake hana ubavu huo, ila kiuno kile chembamba hakikuja kwa bahati. Ruth Handler wa Mattel, kampuni ya midoli, alipomtoa mwaka 1959, alifuata umbo la Lilli, mdoli wa Kijerumani aliyetokana na katuni ya gazeti na kuuzwa kwanza kwa watu wazima. Christie, rafiki mweusi, alikuja 1968; mweusi aitwaye Barbie mwenyewe, 1980. Wenye miili minene kidogo walisubiri hadi 2016! Na marobota ya mitumba hutuletea zaidi wale wa zamani, nywele za manjano zimesokotana kama katani.

Mimi huangalia mchezo. Binti yangu humvisha wake gomesi, lile gauni la Kiganda, ya kipande cha kitenge, anamkaza mshipi mpana, kisha anamfungulia kibanda cha kutuma pesa, na wateja wanapangwa foleni. Kaka yake ana mdoli askari, kifua kama mlango, kazi yake kupiga watu tu. Mbona huyo hatumuulizii?