Msome Dido Kabla ya Wafafanuzi Wake

Insha yangu ya kwanza kuhusu Dido, malkia wa Karthago katika Aeneid, utenzi wa Virgil, mshairi wa Roma ya kale, ilirudi imejaa alama nyekundu za kuuliza, na mwalimu hakunionea. Nilikuwa nimesoma ufafanuzi wa karne ya 12 unaonasibishwa na Bernardus Silvestris, ambamo Dido ni ashiki tu, kishawishi ambacho Aeneas, shujaa wa utenzi huo aliyependana naye kisha akamwacha, hana budi kukiacha ili akomae, nami nikaandika kana kwamba Virgil mwenyewe ndiye aliyesema hivyo.

Kwa hiyo namshauri anayeanza kuwasoma wanawake wa mashairi ya kale amchague mmoja, amsome kwanza ndani ya shairi lenyewe, kisha amfuate karne kwa karne. Katika kitabu cha 4, mstari wa 172, Virgil anasema kwamba Dido aliyaita mapenzi yake na Aeneas ndoa, na kwa jina hilo akafunika “culpa”, yaani kosa. Ni neno zito, lakini limo katika kitabu cha mistari 705 ambacho sehemu yake kubwa inamhurumia. Hata Augustino, mwanateolojia wa Kanisa la kale, aliungama, kwa majuto, kwamba ujanani alimlilia.

Ukishayaona hayo, mwendee mfafanuzi ukijiuliza alikuwa akimfundisha nani. Walimu wa Zama za Kati waliwasomesha wavulana Kilatini kwa barua za kishairi ambazo Ovid, mshairi mwingine wa Roma, aliwatungia wanawake wa visa vya kale, na katika dibaji zao waliwagawa wanawake hao mafungu: Penelope ni pendo halali, Phyllis pendo la kipumbavu, Canace pendo haramu. Nilizicheka dibaji hizo, hadi nilipong’amua kuwa pengine ndizo zilizozipa barua zile ruhusa ya kuingia darasani.

Wala usidhani kwamba Renaissance, yaani mwamko wa elimu ya kale uliofuata Zama za Kati, ilimkomboa Dido moja kwa moja. Waandishi wa Italia Petrarch na Boccaccio walimtetea kwa kurejea habari nyingine ya kale, ambamo hamna mapenzi na Aeneas, bali Dido ni mjane anayejiua ili asiolewe tena. Kwangu mimi utetezi huo una bei yake, kwani heshima yake inarudishwa kwa kumnyang’anya mapenzi yote. Christine de Pizan, mwanamke aliyeandika kwa Kifaransa, katika kitabu chake cha 1405 alimleta Dido mara mbili: kwanza mwanamke wa busara aliyeikata ngozi ya ng’ombe nyuzi nyembamba ili apate ardhi ya kujengea mji, kisha mpenzi mwaminifu aliyesalitiwa. Ukiwa na muda wa kumsoma mmoja tu kati yao, msome yeye, huku mstari wa 172 ukiwa wazi kando yako.