Flati ya zamani Iyunga: wapangaji wapo, mnunuzi je?

SWALI: Habari mtaalamu. Mimi ni mwalimu, naishi Makambako. Dalali ameniletea flati ya vyumba viwili, ghorofa ya juu kabisa, jengo la miaka ya 1980 pale Iyunga, Mbeya. Bei ni milioni 60. Mpangaji aliyemo analipa 250,000 kwa mwezi. Dalali anasema nikikaa nayo miaka mitano nitauza mara mbili ya bei hiyo. Ninunue?

JIBU: Nzuri, mwalimu. Kwa bei hiyo, usinunue. Weka kando ahadi ya miaka mitano, tuanze na hela inayoingia leo.

Kwa mwaka kodi ya pango ni milioni 3. Toa mwezi mmoja wa kukaa bila mpangaji, maana Iyunga inategemea sana wanafunzi wa MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, na chuo kikifunga vyumba vingi hubaki vitupu. Inabaki 2,750,000. Toa asilimia 10 ya TRA, kisha tenga kama 450,000 za matengenezo na mchango wa ulinzi na usafi wa ngazi. Mkononi unabaki na 2,025,000, yaani kama asilimia 3.4 ya milioni 60. Hati fungani za serikali za muda mrefu, yaani kuikopesha serikali kwa riba, zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10, na hazivuji.

Kuuza ndiko kugumu zaidi. Mbeya mtu mwenye milioni 60 kwa kawaida anatafuta kiwanja Uyole au Iwambi, ajenge mwenyewe, awe na ua na mahali pa kuegesha gari. Wanunuzi wa flati ya zamani ni wachache, na hati ndiyo inayoamua kama watapungua zaidi. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inaruhusu kila flati kuwa na hati yake. Muulize muuzaji kama hiyo yako inayo. Kama jengo zima lina hati moja kwa jina la mtu mmoja, utakachopata ni karatasi ya mauziano tu. Benki haitaichukua kuwa dhamana, kwa hiyo hata atakayenunua kwako itabidi awe na taslimu yote mkononi. Watu wa namna hiyo hupunguza bei bila huruma. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, ujue mmiliki hasa ni nani, na kama muuzaji ana mwenza, ridhaa ya mwenza iwe ya maandishi. Hata ukifanikiwa kuuza kwa faida, asilimia 10 ya faida hiyo ni kodi ya TRA.

Jengo lenyewe likague baada ya mvua kubwa, kati ya Desemba na Aprili. Kiangazi kuta zote ni nzuri. Ghorofa ya juu ndiyo iliyo chini ya paa, na Mbeya mvua si ya mchezo. Sogeza kabati ukutani, nusa. Rangi iliyofura na unga mweupe unaochomoza ni maji yanayopita ndani ya ukuta, na rangi mpya itayaficha miezi michache tu. Ukiwa nje, tazama kwa chini baraza za ghorofani: zege likibanduka na nondo yenye kutu ikaonekana, gharama hiyo ni ya wamiliki wote, na kuwakubalisha wote kuchanga ni kazi nzito kuliko ukarabati wenyewe. Nyufa za mshazari zinazoanzia kwenye pembe za madirisha zionyeshe injinia, kwani tupo Bonde la Ufa na ardhi yetu hutikisika. Fungua bomba asubuhi, wakati kila mtu anaoga, uone kama maji yanafika juu. Hakikisha pia flati ina mita yake ya LUKU.

Hati ya sehemu ikiwepo na paa likiwa zima, mwambie dalali milioni 40. Hapo kodi ileile ya pango inakupa kama asilimia 5, na ukibanwa na shida unaweza kuuza bila kupoteza sana. Akikwambia hati utaiona ukishalipa kianzio, usilipe.