Deni si jinai, na jinai haimalizwi kwa vikao

Nilikopa laki tatu kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, marejesho yamenishinda. Mkopeshaji anasema kesho ananiweka ndani kituo cha polisi Chumbageni. Anaweza? (Mama, Makorora)

Dada yangu, kushindwa kulipa deni si kosa la jinai. Ni madai, na mwenye kudai afungue shauri mahakamani. Kifungo cha madai kipo, lakini hutolewa na mahakama baada ya hukumu, si kwa simu ya mkopeshaji. Jinai huingia pale ulipodanganya tangu mwanzo ili upewe hela, mathalani kuweka rehani kitu kisicho chako. Hapo Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaruhusu kifungo hadi miaka 7.

Sasa nikuulize: ulisaini nini? Kina mama wa hapa Tanga wananiletea karatasi zisizo na neno mkopo hata moja. Juu imeandikwa "Hati ya mauziano ya friji". Ukichelewesha rejesho, jamaa anakwenda kituoni kudai umemuuzia friji, umepokea hela, umegoma kuitoa. Deni limeshavishwa jinai. Ukiitwa, nenda, usijifiche. Katika maelezo yako sema ulikuwa mkopo, taja riba, onyesha meseji za miamala. Usisaini maelezo ambayo hujayasoma au kusomewa. Na yeye muulize leseni yake: chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, kukopesha kibiashara bila leseni ni kosa. Kadi ya benki na namba ya siri usimwachie mtu.

Dhamana ya polisi ni shilingi ngapi? (wengi)

Bure. Nimelijibu hili mpaka nimechoka. Kiasi kinachoandikwa kwenye bondi ni ahadi ya kulipa iwapo mtuhumiwa hatatokea, hakitoki mfukoni siku hiyo. Ukiombwa "ya mafuta ya gari", piga 113, TAKUKURU.

Mpwa wangu ana miaka 15, amepewa mimba na mtu mzima. Wazee wamekaa, upande wa pili umetoa milioni moja. Tunaifutaje kesi? (Mjomba, Muheza)

Hamwifuti. Mshtaki ni Jamhuri, nyinyi ni mashahidi. Ridhaa ya mtoto wa miaka 15 haihesabiki, na adhabu ya kubaka huanzia miaka 30. Kama ni mwanafunzi, Sheria ya Elimu nayo ina kosa la kumpa mimba, miaka 30 vilevile. Hiyo milioni mliyoipokea ili mnyamaze yaweza kuwafikisha nanyi kizimbani.

Najua kinachofuata: siku ya ushahidi binti anasafirishwa kwa shangazi Pangani, kesi inaahirishwa hadi inaondolewa, na yule bwana anarudi mtaani penye mabinti wengine. Wanaopatanishwa na mahakama ni waliozabana vibao kilabuni. Mtoto hana bei, mjomba. Rudisheni hela hiyo, mpelekeni binti akatoe ushahidi.

Nimenunua simu ya mkononi Ngamiani bila risiti, polisi wanasema ni ya wizi.

Mpeleke aliyekuuzia. Ukishindwa kueleza uliipataje, unashtakiwa wewe.

Kaka amefungwa na Mahakama ya Wilaya. Tuna muda gani wa rufaa?

Siku 10 kutoa taarifa ya kusudio, siku 45 kuwasilisha rufaa Mahakama Kuu, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala ya hukumu. Akiwa Maweni, taarifa anaitoa kupitia ofisi ya gereza. Mwambieni leo, msingoje siku ya kutembelea wafungwa.