Kuchagua Terminali Nyepesi kwenye Linux: Anza na Mashine Yako

Anayeuliza ni terminali ipi, yaani dirisha la kuandikia amri, iliyo nyepesi kuliko zote kwenye Linux hurushiwa orodha ya majina, kila mmoja akiitetea anayoitumia. Kwa uzoefu wangu, jibu lenye manufaa huanzia kwingine: ni mfumo gani unaochora madirisha kwenye kompyuta yako, na kadi yake ya michoro ina uwezo gani. Ukishayajua hayo mawili, orodha hujipunguza yenyewe hadi kubaki programu mbili au tatu, na kazi kubwa inayosalia ni mipangilio.

Ili kuujua mfumo huo, ambao huwa X11 (wa zamani) au Wayland (mpya), fungua terminali yoyote uliyo nayo, andika echo $XDG_SESSION_TYPE, kisha ubonyeze Enter. Ukijibiwa x11, chaguo zako nyepesi ni xterm, urxvt na st. Ukijibiwa wayland, hizo tatu bado zitafunguka, lakini kwa kupitia Xwayland, yaani seva nzima ya X inayowashwa ili kuzihudumia, na kumbukumbu uliyodhani umeiokoa kwa kuchagua xterm huishia kuliwa na seva hiyo. Kwa anayetumia Wayland, mimi hupendekeza foot, ambayo iliandikwa kwa ajili ya mfumo huo pekee na huchora herufi kwa prosesa bila kuitegemea kadi ya michoro.

Alacritty na kitty husifiwa kwa kasi, na sifa hiyo ni ya haki pale ambapo kadi ya michoro ipo na inaendeshwa na draiva yake sahihi. Kwenye mashine kuukuu, au iliyokosa draiva, kazi ya OpenGL, njia ambayo programu hizo huitumia kuchora kupitia kadi hiyo, huangukia prosesa, na programu iliyosifiwa kwa wepesi ikageuka mzigo. Aidha, mtu asikimbilie kulinganisha namba za kumbukumbu zinazoonyeshwa na amri ya ps peke yake, kwa sababu namba hizo huhesabu pia maktaba ambazo programu nyingine tayari zinazitumia. Anayefanyia kazi ndani ya Xfce, mojawapo ya mazingira ya eneo-kazi ya Linux, kwa mfano, hapati hasara kubwa kwa kubaki na terminali iliyokuja nayo.

Kama kazi yako hukulazimu kufungua madirisha mengi kwa wakati mmoja, zingatia kwamba urxvt na foot zinaweza kufanya kazi kama seva. Unawasha urxvtd au foot --server mara tu unapoingia, halafu kila dirisha jipya linafunguliwa kwa urxvtc au footclient, na mchakato mmoja unayahudumia yote. Dirisha hutokea papo hapo, na kumbukumbu inayotumika kwa kila moja hupungua sana. Gharama yake ni kwamba seva ikianguka, madirisha yote huanguka pamoja nayo. Kwa hiyo kazi ndefu ninaziendesha ndani ya tmux, ambayo huziacha zikiendelea hata dirisha likifungwa.

Katika mipangilio, fonti ndiyo ninayoipa muda mwingi kuliko yote, kwa kuwa macho huitazama kutwa. Andika mstari huu na uutazame kwa makini: echo '0O 1lI rn m'. Ikiwa sifuri na herufi O zinafanana, au moja na l ndogo hazitofautiki upesi, achana na fonti hiyo hata kama inapendeza, maana siku moja utanakili nenosiri au jina la faili ukitegemea umbo la herufi moja. DejaVu Sans Mono hufaulu jaribio hili na hupatikana karibu kila mahali. Kwa xterm, unaandika ndani ya faili ~/.Xresources mistari kama XTerm*faceName: DejaVu Sans Mono na XTerm*faceSize: 11, kisha unaendesha xrdb -merge ~/.Xresources; mabadiliko yataonekana kwenye madirisha mapya tu, si yale yaliyokwisha kufunguliwa. Rangi hazihitaji mengi. Bluu ya asili ya xterm husomeka kwa taabu juu ya weusi, nami huibadilisha hiyo peke yake kwa kuipa color4, jina la bluu hiyo katika mipangilio, bluu nyepesi kidogo.

Idadi ya mistari inayohifadhiwa ili uweze kurudi nyuma huchangia uzito kuliko wengi wanavyodhani. Xterm huhifadhi 1024, foot 1000, na Alacritty 10000, na kila dirisha hubeba mzigo wake. Mimi huweka 5000. Matokeo marefu zaidi ya hapo yanastahili kuwekwa kwenye faili kwa kutumia amri ya tee, ambako yanaweza kutafutwa kwa utaratibu. St ya asili haina kabisa uwezo wa kurudi nyuma, na kila badiliko humaanisha kuhariri faili lake la msimbo, config.h, na kuijenga upya programu yenyewe (kuikompaili). Ni programu safi, ila simshauri nayo anayeanza.

Lipo jambo moja linalosumbua watu wengi wanaohamia terminali nyepesi. Programu hizi huiga mashine za zamani kama VT100, iliyotolewa na DEC mwaka 1978, na kila moja hujitambulisha kwa programu nyingine kwa jina lililo ndani ya kigezo kiitwacho TERM. Unapoingia kwenye seva ya mbali kwa ssh kutoka foot, seva isiyolijua jina hilo itaikataa amri ya clear kwa ujumbe wa unknown terminal type. Usikubali ushauri wa kuandika TERM=xterm-256color ndani ya .bashrc, faili linalosomwa kila unapofungua terminali, kwani hapo utakuwa unaidanganya kila programu kuhusu uwezo halisi wa terminali yako. Badala yake, peleka maelezo yake kwenye seva mara moja tu kwa amri hii, ukiweka jina la seva yako mahali pa neno seva:

infocmp -x foot | ssh seva tic -x -

Baada ya hapo clear, less na vim zitafanya kazi kama zinavyofanya kwenye mashine yako. Kwa seva usiyoruhusiwa kuandika chochote, tanguliza TERM=xterm-256color kwenye amri ya ssh yenyewe, ili badiliko hilo liishie katika muunganisho huo mmoja.