Chama cha wanasayansi na mswada ulio bungeni

Ndugu muulizaji, umetaka kujua jinsi chama chenu cha wanakemia nchini Kenya kinavyoweza kusikika kuhusu mswada ulio bungeni. Msingi mnao tayari: Ibara ya 118 ya Katiba ya 2010 inalitaka Bunge kuwashirikisha wananchi katika kazi zake, ndiyo maana kamati hutangaza magazetini zikiomba maoni ya maandishi kabla ya siku iliyowekwa.

Waraka wenu utaje kila kifungu mnachokipinga, ueleze kasoro yake, kisha upendekeze maneno mbadala, kwa sababu mbunge mwenye miswada mingi mezani hawezi kugeuza muhtasari wa utafiti kuwa marekebisho ya sheria. Yatengeni pia matokeo yaliyothibitishwa mbali na matakwa ya chama. Mkiyachanganya, mtaonekana mnatetea ajira zenu tu, na kwa maoni yangu lawama hiyo itakuwa ya haki.

Hata hivyo, kupitishwa kwa sheria si mwisho wa kazi. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliuahidi Mfuko wa Taifa wa Utafiti asilimia 2 ya pato la taifa, kiwango ambacho bajeti haijakikaribia, hivyo fuatilieni vikao vya makadirio ya bajeti kila mwaka. Nchini Marekani, AAAS, jumuiya ya kuendeleza sayansi, imekuwa ikipeleka wanasayansi kufanya kazi katika ofisi za Bunge tangu 1973. Nyinyi mnaweza kuanza kwa kumteua mwanachama mmoja wa kuwasiliana na karani wa kamati husika.