Filamu za Zamani Zilivyoingia Sebuleni

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba Wamarekani wengi walizifahamu filamu za miaka ya 1930 kupitia vituo vya televisheni vya miji yao, wala si kwenye majumba ya sinema. Ilikuwaje?

JIBU: Ndugu msomaji, mwanzoni studio kubwa za Hollywood ziliiona televisheni kuwa mshindani, zikazifungia filamu zao ghalani. Kizuizi hicho kilivunjika mwaka 1955, RKO, mojawapo ya studio hizo, iliponunuliwa na General Teleradio, kampuni iliyomiliki kituo cha WOR-TV cha New York, ambacho kilikuwa na mazoea ya kurudia filamu ileile kila usiku kwa wiki nzima. Studio nyingine zikafuata upesi. Mwaka 1957 Screen Gems, kampuni iliyosambaza filamu kwa televisheni, ilitoa fungu la filamu 52 za kutisha, na vituo vikaajiri watangazaji waliojipamba kama maiti ili wazitambulishe na, kusema kweli, wazidhihaki.

Kisa kinachonivutia zaidi ni cha It's a Wonderful Life ya mwaka 1946, ambayo haikurudisha gharama zake ilipotoka. Hakimiliki yake haikuhuishwa mwaka 1974, kwa uzembe wa makaratasi tu, hivyo vituo vikawa vinaionyesha bure kila Krismasi hadi ikapendwa nchi nzima. Mwaka 1993 Republic Pictures, iliyokuwa na haki za hadithi na muziki wake, ilivitaka vituo hivyo viache, na mwaka uliofuata filamu ikahamia NBC, mtandao wa televisheni wa nchi nzima.