Maswali na Majibu: Kupanda Kahuzi Kuwaona Gorila

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya Mlima Kahuzi, huku kwetu mashariki mwa Kongo, ukiwa umefunikwa na ukungu hadi kiunoni. Hatukutarajia kwamba picha hiyo moja ingetuletea barua nyingi kuliko makala yoyote ya mwaka huu. Tumechagua chache, tumezifupisha, na tumeacha majina ya wenyewe.

*Ndugu Mhariri, nimezaliwa hapa Bukavu, katika mtaa wa Ibanda, na sasa nina miaka arobaini na miwili. Wageni waliotoka mbali nimewaona wakipita kwenda kutazama gorila, lakini mimi ambaye mlima huo ni jirani yangu sijawahi kufika. Nikitaka kwenda, nianzie wapi? Na usalama je?*

Ndugu yetu, tuanze na hilo la mwisho, kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote. Tangu vita vilipofika Goma mwezi wa Januari 2025, kisha Bukavu mwezi wa Februari, hakuna mtu mwenye busara anayepanga safari ya porini kwa kutegemea neno la dereva wa gari la abiria au la rafiki aliyepita barabara hiyo juma lililopita. Wanaopaswa kukuambia kama njia inapitika na kama matembezi yanafanyika ni walinzi wa mbuga wenyewe. Wakikuambia usubiri, subiri, hata kama ulikwisha kuomba ruhusa kazini. Kumbuka pia kwamba Mbuga ya Taifa ya Kahuzi-Biega ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 6,000, na kwamba wageni hutembezwa katika kipande kidogo tu cha upande wa juu, karibu na kituo cha Tshivanga. Sehemu kubwa iliyobaki, ile inayoteremka kuelekea magharibi kwenye misitu ya chini, si mahali pa matembezi, na imeteseka kwa muda mrefu kwa sababu ya makundi yenye silaha na uchimbaji wa madini ya koltani.

Siku njia itakapokuwa salama, safari yenyewe si ndefu. Utatoka mjini kwa barabara ya kaskazini inayofuata Ziwa Kivu hadi Miti, kisha utakata kushoto na kuanza kupanda. Fika mapema, ukiwa na kadi yako ya mpiga kura au pasipoti, kwa maana matembezi huanza asubuhi. Wakati wewe unasikiliza maelezo kituoni, wafuata nyayo wako msituni tayari. Wao huanzia pale familia ya gorila ilipoachwa jana yake, wakatafuta viota vya usiku, kwa kuwa kila gorila aliyeachishwa ziwa hujitengenezea kitanda kipya cha majani kila jioni, na kutoka hapo wakafuata majani yaliyovunjika na kinyesi kibichi. Ndiyo sababu hakuna anayeweza kukuahidi muda. Kuna siku utatembea nusu saa, na kuna siku utatembea saa nne ukipanda na kushuka mabonde huku mwongozaji akikufungulia njia kwa panga.

Kuhusu mavazi nitasema kidogo tu. Vaa suruali ndefu uichomeke ndani ya soksi, kwa sababu siafu hawachagui mgeni na mwenyeji. Chukua koti la mvua hata wakati wa kiangazi, na glovu za kazi za bei nafuu za sokoni, kwa kuwa mkono unaotafuta pa kushika kwenye utelezi mara nyingi hushika jani linalowasha.

*Mimi ni msomaji wa Uvira. Nimesikia kwamba mtu wa nchi ya chini akipanda milima mirefu hupungukiwa na pumzi, na wengine huumwa kichwa hata kutapika. Je, ninaweza kupanda hadi kilele cha Kahuzi?*

Ulichosikia ni kweli, lakini kinategemea unapanda hadi wapi. Uvira iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, katika mwinuko wa mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Bukavu iko karibu mita 1,500, na gorila wanaotembelewa huishi zaidi kati ya mita 2,000 na 2,400. Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza kuwasumbua watu kuanzia mita 2,500 kwenda juu, kwa hiyo katika matembezi ya gorila utahema kuliko ulivyozoea, miguu itakuwa mizito, lakini si rahisi uugue. Ukilala Bukavu usiku mmoja au miwili kabla ya kupanda, mwili wako utakushukuru.

Kilele cha Kahuzi ni habari nyingine. Kina mita 3,308, wakati mwenzake Biega ana mita 2,790, na yote miwili ni volkano zilizozimika zamani. Kwenye kilele cha Kahuzi hewa ni nyepesi kiasi kwamba kila pumzi inakupa takribani theluthi mbili tu ya oksijeni ambayo ungeipata pwani ya bahari. Joto nalo hushuka kwa nyuzi sita hivi kila unapopanda mita elfu moja, kwa hiyo mtu aliyetoka Bukavu akiwa amevaa shati anaweza kufika juu akitetemeka. Kichwa kikianza kuuma na tumbo kuchafuka, dawa ni kushuka, wala si kujikaza ili wenzako wasikucheke. Wenye ugonjwa wa moyo, wenye pumu na wajawazito wazungumze na daktari kwanza.

Pamoja na hayo, sitaki kukukatisha tamaa, kwa sababu kupanda huko ni kama kusoma kitabu chenye sura nyingi. Unatoka katika msitu wa miti mikubwa yenye ndevu za kuvu, unaingia katika mianzi iliyosongamana hadi mchana unakuwa kama jioni, na ukivuka mita 2,600 unajikuta kati ya vichaka vya milimani. Huko ndiko unakoota mmea unaoitwa *Senecio kahuzicus*, ambao umepewa jina la mlima wenyewe.

*Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa biolojia hapa Bukavu. Vitabu vyetu vya Kifaransa vinasema gorila wa Kahuzi ni «gorila wa nyanda za chini za mashariki». Lakini yuko mlimani! Na yule wa Virunga ndiye anayeitwa gorila wa milimani. Tofauti ni nini?*

Swali lako limenifurahisha, kwa maana jina hilo limewapotosha wengi. Gorila wetu hupatikana kuanzia mita 600 hivi hadi karibu mita 2,900, yaani wapo walio katika misitu ya chini na wapo walio mlimani. Waliompa jina hilo walitazama sehemu moja ya makazi yake. Ndiyo sababu watafiti wengi siku hizi humwita gorila wa Grauer, kutokana na Rudolf Grauer, Mwaustria aliyekusanya vielelezo katika eneo hili, na jina lake la kisayansi, *Gorilla beringei graueri*, lilitolewa mwaka 1914. Yeye na yule wa milima ya Virunga ni ndugu wa spishi moja. Yule wa Virunga, ambaye majirani zetu wa Rwanda humwita ingagi, ana manyoya marefu na mazito zaidi kwa ajili ya baridi. Wetu ana manyoya mafupi zaidi lakini mwili mkubwa zaidi. Dume aliyekomaa huweza kufikia kilo 200. Na tafadhali usimwite sokwe. Sokwe ni mwingine, naye pia yumo katika mbuga hiyohiyo.

Tofauti kubwa zaidi, kwangu mimi, ni hii: gorila wa milimani anaishi katika nchi tatu, nao wamehesabiwa kuwa zaidi ya 1,000, lakini gorila wa Grauer haishi popote duniani ila Kongo. Katikati ya miaka ya 1990 walikadiriwa kuwa karibu 17,000. Mwaka 2016 makadirio yalishuka hadi 3,800, wakaingizwa katika orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka. Makadirio ya mwaka 2021 yalitoa 6,800, na usidhani kwamba walizaliana maradufu kwa miaka mitano, kwani gorila jike huzaa mtoto mmoja kwa kila miaka minne hivi. Kilichobadilika ni kwamba watafiti walipata takwimu za maeneo ambayo hapo awali hayakufikika. Katika sehemu ya juu ya Kahuzi-Biega peke yake, hesabu ya mwaka 1990 iliwakuta 258, na ile ya mwaka 2000, baada ya vita kuzuka mara mbili, ikawakuta 130. Tembo wa upande huo waliangamizwa na majangili katika miaka hiyohiyo.

*Nimeambiwa kwamba mtu mwenye mafua hukatazwa kuingia hata kama amekwisha kulipa. Mafua ni kitu kidogo. Je, hiyo ni haki? (Msomaji wa Kadutu)*

Ni haki, na ningependa kulijibu hili kwa kirefu kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kufikiri kama wewe. Miaka mingi iliyopita, katika mbuga moja ambayo si lazima niitaje, nilikohoa mara mbili wakati wa maelezo ya asubuhi. Mwongozaji akaniita pembeni, akaniambia nitabaki. Nilikasirika. Nilikaa kwenye benchi nikila sambaza zangu za kukaanga, wale dagaa wa Ziwa Kivu, peke yangu, nikihesabu gharama za safari, na hasira haikuisha hadi kijana mmoja aliyekuwa akifagia uwanja aliponiuliza: «Mzee, wao wakiugua, watakwenda hospitali gani?»

Gorila na binadamu wanafanana kwa zaidi ya asilimia 98 ya vinasaba vyao. Virusi vinavyotuletea sisi mafua ya siku tatu vinaweza kuwaletea wao homa ya mapafu, kwa kuwa miili yao haijawahi kukutana navyo. Tena wanaishi kwa familia, wakilala karibu na kuchambuana manyoya, kwa hiyo kikohozi cha mgeni mmoja kinaweza kuliambukiza kundi zima. Kanuni zote utakazosomewa zinatoka hapo: kuvaa barakoa, kukaa mbali kwa mita kumi, kutozidi saa moja, watu wachache kwa kila kundi, kutotema mate, kutokula wala kunywa mbele yao. Mtoto mdogo wa gorila akikukaribia, kwa sababu watoto wao ni wadadisi kama wetu, ni wewe unayerudi nyuma. Najua kwamba kila mtu angependa picha ya karibu ya kuwaonyesha wenzake. Binafsi naona picha ya aina hiyo ni ushahidi kwamba kanuni ilivunjwa.

*Mimi ni mama wa Bagira. Binti yangu ana miaka kumi na miwili na anapenda sana wanyama. Je, nimpeleke?*

Mama yetu, kwa gorila bado. Umri unaoruhusiwa ni kuanzia miaka 15, na sababu ni hizo za magonjwa ya watoto pamoja na ugumu wa njia. Hali ikiruhusu, mpeleke Lwiro, kilipo kituo cha kuwatunza nyani na sokwe waliookolewa mikononi mwa wawindaji na wauzaji. Kilianzishwa mwaka 2002, na kimewalea sokwe zaidi ya mia moja. Atajifunza huko jambo ambalo msitu hauwezi kumwonyesha, yaani mnyama anabaki na hali gani baada ya mama yake kuuawa kwa ajili ya nyama.

*Mhariri, mnasifu mbuga hii kila mara. Mbona hamsemi kuhusu Batwa waliofukuzwa humo? (Msomaji wa Kabare)*

Tunasema. Mbuga ilitangazwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975, na Batwa walioishi katika msitu huo tangu enzi za mababu waliondolewa bila kupewa ardhi ya kutosha mahali pengine. Mwaka 1980 mbuga ikaingizwa katika Urithi wa Dunia, heshima ambayo haikuwafikia wao. Ujuzi wa kufuata nyayo, uliomwezesha mhifadhi Mbelgiji Adrien Deschryver kuwazoesha gorila macho ya watu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ulikuwa wao. Deni hilo halijalipwa, nalo limezaa uchungu na hata mapigano ya miaka ya karibuni. Kwa mgeni ninashauri hivi: uliza kijijini ni nani anayeuza vikapu, nani anayepika, nani anayebeba mizigo, na fedha yako uigawe huko pia, usiiache yote langoni. Hilo halitoshi, ndugu yangu, nami sitajifanya kwamba linatosha.

*Swali fupi: dume akinijia mbio, nifanye nini?*

Usikimbie. Anayekimbia hufukuzwa. Dume mwenye mgongo wa fedha akipiga kifua, akang'oa kichaka na kukujia, mara nyingi anakupima tu, na husimama kabla ya kukufikia. Chuchumaa, inamisha macho, weka mikono karibu na mwili, na umwachie mwongozaji kazi ya kuguna kwa sauti nzito ya kooni, ambayo kwa gorila ni sauti ya amani. Usinyanyue simu. Akitulia ataketi, atakupa mgongo na kuendelea kumenya mwanzi wake. Hata hapo usisimame mpaka uambiwe.